Kamera ya Zamani na Betri Iliyotoweka

Somo lililopita lilihusu vipimo vya sokoni: debe, kilo na gunia. Leo twaendelea na vipimo, lakini kipimo cha leo ni cha mwanga. Pamoja nacho tutasoma historia ya betri moja ndogo, upana wake kama kifungo cha koti, ambayo imekwisha kutoweka madukani. Weka daftari mbele yako. Aliye na karatasi hii na afuatishe maneno kwa kidole. Asiye nayo na akae karibu na mwenzake.

Somo hili limeletwa na mzee mmoja wa darasa letu la Tunduma. Siku moja baada ya kipindi alinijia na furushi la kitambaa. Ndani mlikuwa na kamera ya Kijapani, Minolta SR-T 101, nzito kama jiwe la kusagia. Aliinunua kwa mtu zamani za ujana wake, alipokuwa akifanya kazi ya reli. Alipiga nayo picha miaka mingi, kisha betri ikafa, asipate nyingine, akaifungia sandukuni. Nilichukua sarafu nikafungua kifuniko kidogo kilichoko chini ya kamera. Betri ya kale ilikuwa imeota kutu ya kijani. Mzee akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha akasoma polepole: M, R, 9. Alicheka kwa furaha, maana miaka yote aliyoitumia betri ya namna hiyo hakuweza kuisoma.

Mimi, niliyejidai kujua kusoma zaidi yake, ndiye niliyekosea. Nilikwenda dukani nikanunua betri ya kifungo iliyofanana nayo kidogo, ya kutilia kikokotoo. Ilikuwa nyembamba kwa ile kamera, nikaizungushia pete ya kadibodi isichezecheze. Tulipochungulia, mshale wa kupima mwanga ukainuka. Tukafurahi. Juma lile dada yake mkubwa alikuwa amekuja kutoka Ileje kumsalimu. Tukamkalisha mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, tukampiga picha nyingi, kisha filimu tukaituma Dar es Salaam kusafishwa. Zilirudi baada ya majuma matatu. Ukuta ulikuwa wa kijivu, na uso wa yule mama ulikuwa mweusi kama chungu kilichotoka jikoni. Macho hayaonekani, wala mdomo. Naye alikwisha kurudi kwao.

Mzee hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu: “Mwalimu, mshale uliinuka. Mbona ulisema uongo?” Nilishindwa kumjibu siku ile. Somo la leo ndilo jibu lake.

Filimu yataka mwanga wa kiasi, kama unga wa ugali unavyotaka maji ya kiasi. Mwanga ukipungua picha huwa giza, ukizidi picha hupauka. Mpiga picha anazo njia mbili za kuupunguza au kuuzidisha: tundu la lenzi, analoweza kulipanua au kulibana, na pazia lililo ndani ya kamera, ambalo hufunguka na kufumba upesi au polepole. Mafundi wa kwanza walikisia kwa macho na kwa mazoea. Walitazama jua, mawingu na saa, wakakumbuka filimu ya jana ilitokaje. Wengi walikuwa stadi sana, lakini ustadi huo ulijengwa juu ya filimu nyingi zilizoharibika.

Mwaka 1932 kampuni ya Weston ya Marekani ilianza kuuza kipimo cha mwanga kilichotumia madini yaitwayo seleniamu. Seleniamu ikipigwa na mwanga hutoa umeme kidogo yenyewe, na umeme huo husukuma mshale. Hapakuhitajiwa betri. Kipimo cha namna hii kiliendelea kutumika muda mrefu, na hata kamera zilizopendwa sana kama Zenit-E ya Umoja wa Kisovyeti, iliyotoka mwaka 1965, na Olympus Trip 35 ya mwaka 1967, zilikuwa na seleniamu. Kwa hiyo ukirithi mojawapo ya hizo usihangaike kutafuta betri. Haina mahali pa kuitia. Kasoro ya seleniamu ni kwamba jioni, au ndani ya nyumba, mshale wake hausogei, maana umeme inaoutoa ni mdogo mno.

Ndipo katika miaka ya 1960 mafundi wa Japani na Ujerumani wakageukia kitu kingine kiitwacho kadimiamu sulfaidi. Sikiliza vizuri hapa. Kadimiamu sulfaidi haitoi umeme. Kazi yake ni kama ya lango la mfereji wa shamba. Mwanga ukiwa mkali lango hufunguka na umeme hupita kwa wingi. Mwanga ukififia lango hujifunga. Lakini maji ya mfereji hayatoki langoni, yatoka mtoni, na mto wa kamera ni betri. Kwa hiyo mshale huinuka kwa sababu mbili: huenda mwanga umezidi, au huenda nguvu ya betri imezidi. Ukichungulia huwezi kutambua ni ipi kati ya hizo mbili iliyouinua.

Sasa umekwisha kuona kilichotupata. Nguvu ya betri hupimwa kwa volti. Kamera ya mzee ilitengenezwa ipate volti 1.35, wala si zaidi. Betri niliyoinunua mimi, ikiwa mpya, ina volti 1.5. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kumbuka mizani ya sokoni ambayo mshale wake hauanzii kwenye sifuri. Muuzaji akiweka mahindi hewani tu, mizani imekwisha kuonyesha nusu kilo, na mnunuzi anakwenda nyumbani akidhani amepata haki yake. Kamera nayo ilidhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyokuwa, ikatuambia tubane tundu, tukabana. Juu ya kosa hilo tukaongeza la pili, la ukuta mweupe. Kipimo cha kamera hudhani kila kinachokitazama kina weupe au weusi wa kiasi, mfano wa majani mabichi au udongo mkavu. Kikiona chokaa nyeupe hushtuka kikasema mwanga umezidi. Makosa yote mawili yalivuta upande mmoja, na uso wa dada yake mzee ukazama gizani. Ukienda Mbozi kupiga picha Kimondo, kile kipande cheusi cha chuma kilichoanguka kutoka angani, ukajaza chuma kitupu machoni pa kamera, utaona kinyume chake: picha itapauka.

Utauliza, je, wale mafundi hawakujua kwamba betri hubadilika nguvu? Walijua sana. Waliitegemea betri moja tu, nayo ina historia yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia majeshi ya Marekani yalipigana katika nchi za joto na unyevu, na betri za kawaida zikaharibika upesi, redio za mkononi na vyombo vya kutafutia mabomu ya ardhini vikanyamaza. Mvumbuzi mmoja aitwaye Samuel Ruben, mwaka 1942, akatengeneza betri ya zinki na oksidi ya zebaki iliyostahimili joto. Kampuni ya P. R. Mallory ikazitengeneza kwa wingi. Kampuni hiyo ndiyo iliyozaa betri ziitwazo Duracell ambazo mwaziona madukani.

Betri ya zebaki ilikuwa na tabia moja iliyowapendeza sana mafundi wa kamera. Ilianza na volti 1.35, ikakaa hapo hapo mwezi baada ya mwezi, karibu mpaka siku ya kufa kwake, kisha ikazimika ghafula. Betri za alikali hazifanyi hivyo. Huanza na 1.5 na kushuka kidogo kidogo kila siku, kama debe ambalo kitako chake kinapondwa kila msimu. Ukiwa na kipimo kisichobadilika hulazimiki kutengeneza mtambo wa kukirekebisha. Kwa hiyo Minolta SR-T 101 ya mwaka 1966, Rollei 35 ya mwaka huo huo, Canon FTb ya 1971 na nyingine nyingi zilitengenezwa kwa kuitegemea betri hiyo. Chache, kama Pentax Spotmatic ya 1964, zilifungwa nyaya kwa namna ya kulinganisha pande mbili, hata volti ikizidi kidogo mshale haudanganyiki. Mimi nawasifu waliofikiri hivyo. Lakini siwezi kuwalaumu wale wengine, maana nani angedhani kwamba betri inayouzwa dunia nzima ingekuja kukatazwa?

Ilikatazwa kwa sababu ya kile kile kilichoifanya kuwa nzuri. Theluthi moja au zaidi ya uzito wake ilikuwa zebaki.

Huko Japani uko mji wa pwani uitwao Minamata. Tangu mwaka 1932 kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitumia zebaki katika kutengeneza kemikali, na maji machafu yakamwagwa ghubani mpaka mwaka 1968. Zebaki ikaingia katika samaki, na samaki wakaliwa na wavuvi na jamaa zao. Paka wa mji walianza kuyumba na kurukaruka kama waliorogwa. Kisha watu wakaanza kutetemeka, kupoteza uwezo wa kuona na kusema. Watoto wengine walizaliwa na viungo vilivyopinda, kwa sababu sumu iliwapata tumboni mwa mama zao. Ugonjwa ulitangazwa rasmi tarehe 1 Mei 1956.

Mwaka 1971 mpiga picha wa Marekani, W. Eugene Smith, alikwenda kukaa Minamata pamoja na mkewe Aileen. Walikaa miaka kadhaa, wakila na kulala kati ya wavuvi. Januari 1972 Smith alipigwa na kuumizwa vibaya alipofuatana na wagonjwa kwenda kwenye kiwanda kingine cha kampuni hiyo, huko Goi. Mwaka huo picha zake zilichapwa katika gazeti la Life, na dunia ikaona kwa macho yake. Sasa tazama jambo hili, ndugu mwanafunzi. Miongoni mwa kamera alizozitumia huko ilikuwamo Minolta SR-T 101, ndugu wa kamera ya mzee wetu, na kamera hiyo kipimo chake kiliendeshwa na betri ya zebaki. Sisemi kwamba sumu ya Minamata ilitoka katika betri, ilitoka kiwandani. Nasema tu kwamba chombo kilichowashuhudia watu walioumizwa na zebaki kilikuwa kimebeba zebaki tumboni, wala wakati ule hapana aliyeona ajabu.

Baada ya hapo sheria zilifuatana. Marekani ilikataza kuuza betri za kifungo zenye oksidi ya zebaki mwaka 1996. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuata mwaka 2000. Mwezi wa Oktoba 2013 mataifa yalikutana Japani yakapitisha mkataba uliopewa jina la mji ule, Mkataba wa Minamata, nao ukaanza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwa mkataba huo, betri kama ile iliyoota kutu ndani ya kamera ya mzee haziruhusiwi tena kutengenezwa wala kupitishwa mipakani, si Tunduma wala Nakonde.

Ninyi wa Mkwajuni na Saza hamhitaji kuelezwa zebaki ni nini. Dhahabu ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920. Mgodi wa New Saza, uliokuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika, ulifungwa mwaka 1956, mwaka ule ule ambao ugonjwa wa Minamata ulitangazwa. Nimeupata mwaka huo mara mbili nilipokuwa nikitayarisha somo, nikauandika. Wachimbaji wadogo wameendelea, na wengi hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki iondoke. Yaondoka kwa mvuke usioonekana, nao huvutwa puani na yule anayechoma na mtoto aliyekaa karibu naye. Mkataba haukukataza zebaki ya wachimbaji wadogo kwa siku moja. Wataka ipunguzwe, na inapowezekana iachwe kabisa. Lakini kuchoma mahali wazi, na kuchoma katikati ya makazi ya watu, ni katika mambo unaoyataja kwa jina kwamba yakomeshwe. Kiko chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba kinachokamata ule mvuke ukarudi kuwa zebaki. Somo zima juu ya chombo hicho litakuja, kwa hiyo leo sitaendelea nalo. Ila betri ya kale ukiiona, usiitupe motoni wala usiipasue kutazama yaliyomo. Ifunge katika chupa yenye kizibo, uiweke mbali na watoto. Hata betri mpya za kifungo ni hatari mtoto akizimeza. Akimeza, mkimbize hospitali saa ile ile.

Turudi kwenye kamera. Itatiwa nini badala yake? Hapa ndipo kusoma kunapokuja kutusaidia, maana jibu limeandikwa mgongoni mwa betri kwa herufi mbili. Andika katika daftari: MR. LR. SR. PR. Herufi ya pili, R, yaonyesha kwamba umbo lake ni la mviringo. Herufi ya kwanza yakuambia kilichomo ndani. M ni oksidi ya zebaki, ile iliyokatazwa. L ni alikali. S ni oksidi ya fedha. P ni zinki inayotumia hewa. Betri ya LR44 na ya SR44 ni za ukubwa mmoja na rangi moja, jicho haliwezi kuzitenganisha. Niliyonunua mimi ilikuwa LR44. Laiti ningalisoma herufi ile moja.

LR, ya alikali, ndiyo rahisi kupatikana, nayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa kamera hizi, maana volti yake yaanza juu na kushuka kila siku. Leo utarekebisha kwa kudanganya kipimo, kesho marekebisho yako yamekwisha kupotoka.

SR, ya fedha, ina volti 1.55, imezidi mno, lakini yakaa imara kama zebaki ilivyokaa. Kitu kinachozidi kila siku kwa kiasi kile kile chaweza kurekebishwa. Iko pete ya chuma inayotengenezwa ng'ambo, ndani yake mna daiodi ndogo inayopunguza volti mpaka 1.35, betri huwekwa katika pete, na pete ikaingia katika chumba cha kamera. Fundi redio mwenye mkono mwepesi aweza pia kuunga daiodi ifaayo katika waya wa betri ndani ya kamera. Nasema mwenye mkono mwepesi. Waya zile ni nyembamba kama nywele na umri wake wapita miaka hamsini.

PR ndiyo tuliyoichagua sisi. Hizi hutumiwa na watu wenye vifaa vya kusaidia masikio kusikia. Yenye namba PR44, ambayo pia huitwa 675, ina volti kama 1.4, karibu sana na ile ya zebaki, nayo yakaa imara. Upana wake ni milimita 11.6, na ile ya kale ilikuwa na milimita kama 16, kwa hiyo yahitaji pete ya mpira kuikaza katikati. Ina matundu madogo yaliyofunikwa kwa karatasi ya gundi. Ukiibandua, hewa huingia na betri huamka. Ingoje dakika chache kabla ya kuitia. Usizibe matundu yale. Na ukishaibandua, hata ukirudisha karatasi, haitalala tena. Itakufa baada ya majuma kadhaa au miezi michache, uwe umepiga picha au hukupiga. Bei yake si kubwa, na sisi tuliona hasara hiyo ni ndogo kuliko filimu moja iliyoharibika.

Hata hivyo mshale ulikwisha kunidanganya mara moja, nami sikutaka kuuamini bure. Iko kanuni ya wazee wa picha isiyotaka betri. Mchana, jua likiwaka bila wingu, weka tundu la lenzi kwenye 16, na pazia kwenye sehemu ya sekunde inayokaribia namba ya filimu. Filimu ikiwa ya 200, pazia liwe 1 kwa 250. Mzee nami tulitoka nje saa saba mchana, mwezi wa Julai, anga jeupe, tukaielekeza kamera kwenye majani ya kando ya njia, si kwenye ukuta. Mshale ulikaa karibu kabisa na kanuni. Tukarudisha ile LR44 kwa kujaribu, na mshale ukaruka juu pale pale, jua lile lile, majani yale yale. Mzee akaichomoa, akaiweka mfukoni, akasema ataipeleka kwenye kikokotoo cha mjukuu wake.

Mwisho wa mwezi tulipanda gari kwenda Ileje. Tulimkuta dada yake akianika maharage uani. Tulimwomba akae kivulini, nyuma yake pakiwa na migomba badala ya chokaa, na mzee akakisogelea kipimo karibu na uso wake, akausoma mshale, kisha akarudi nyuma akapiga. Picha zilipokuja alizileta darasani. Nyuso tuliziona sote, mikunjo, macho na kovu dogo juu ya nyusi. Lakini mzee alikuwa akitazama chini zaidi, penye kanga aliyovaa dada yake. Aliweka kidole juu ya picha, akaanza kusoma jina la kanga, herufi kwa herufi.

Kazi ya nyumbani: tafuta betri tatu zilizoko nyumbani kwako, za tochi, redio, saa au kifaa chochote. Andika herufi na namba zilizo mgongoni mwake, na kando ya kila moja andika volti zake. Uje nazo katika somo lijalo, tutakapoanza habari ya kile chombo cha kukamatia mvuke wa zebaki.